Homa isiyo malaria na moyo unaokwenda mbio: tuzungumze kuhusu kuvimba kwa misuli ya moyo, Kigoma na Tabora

Mleta uzi:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya wilayani Kaliua, mkoani Tabora. Nimefungua uzi huu ili tujadili kwa kina kuvimba kwa misuli ya moyo, ugonjwa ambao kitaalamu huitwa mayokaditisi, kwa sababu naamini unapita mbele ya macho yetu mara nyingi kuliko unavyoandikwa kwenye mafaili. Mtu anapofika akiwa na homa, uchovu na kifua kinachobana, majibu yanayomsubiri ni yale yale matatu: malaria, taifodi na UTI. Kigoma na Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, kwa hiyo simlaumu tabibu anayeanza na malaria. Ninachopigania ni kwamba asiishie hapo pale kipimo kinapokataa, au pale dozi inapokwisha na mgonjwa akazidi kudhoofu.

Mara nyingi anayeanzisha shambulio ni kirusi. Wapo virusi vya koksaki ambavyo huingia kama mafua au kuhara, wapo vya adeno, vya homa ya mafua, vya Uviko-19, na VVU navyo vimo. Kirusi huua baadhi ya seli za msuli wa moyo, kisha kinga ya mwili huja kupambana nacho, na sehemu kubwa ya uharibifu hufanywa na kinga hiyo yenyewe, ambayo huweza kuendelea kuushambulia msuli hata kirusi kikiwa kimekwisha kuondoka. Ndiyo maana wagonjwa wengi hueleza kwamba mafua yaliwapata, yakaisha, wakarudi shambani, na wiki moja au mbili baadaye ndipo pumzi zikaanza kuwa fupi. Msuli uliovimba hushindwa kusukuma damu ipasavyo, na njia za umeme zinazopita ndani yake huvurugika. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kupotea polepole kwa maji kujaa mapafuni, au ghafla kwa mapigo kuvurugika, hata awe kijana aliyekuwa uwanjani jana yake.

Huku kwetu ipo sababu nyingine ambayo haina budi kukumbukwa, nayo ni malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Vimelea vinavyopatikana katika miombo ya Kigoma na Tabora ni vya aina ya Afrika Mashariki, Trypanosoma brucei rhodesiense, ambavyo havikai mwilini kwa miaka kama vile vya Afrika ya Kati na Magharibi, bali huweza kumwangusha mtu ndani ya wiki au miezi michache. Aina hii hugusa moyo mapema, wakati mwingine kabla ubongo haujaguswa. Anayesubiri mgonjwa asinzie mchana ndipo akumbuke malale atakuwa amechelewa.

Niwape mfano mmoja. Aliletwa kwetu mrina asali wa makamo, amepakiwa kwenye baiskeli na mdogo wake, baada ya majuma kadhaa ya homa inayokuja na kuondoka. Huko alikotoka, mahali ambapo sitapataja, alikuwa ametundikiwa dripu na kudungwa sindano za diklofenaki kwa ajili ya maumivu ya mwili, na baada ya dripu ndipo kupumua kukawa kwa shida. Joto lake lilikuwa nyuzi 37.9 tu, lakini mapigo yalikuwa 134 kwa dakika, membamba, na hayakushuka hata alipopumzishwa. Alipoketi, mshipa wa shingo ulionekana umejaa karibu na taya. Chini ya mapafu kulisikika maji pande zote mbili. Kwenye mkono, juu kidogo ya kifundo, kulikuwa na kovu gumu la kidonda ambacho yeye mwenyewe alikumbuka kilianza pale mbung'o alipomuuma akiwa kwenye mizinga.

Kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa hakionyeshi kitu. Tulimwomba mtaalamu wa maabara atazame tone la damu mbichi kwa darubini, na hapo vimelea vilionekana vikijipinda katikati ya chembe nyekundu na kuzisukuma huku na huku. Dripu iliondolewa, akaketishwa wima, akapewa oksijeni na furosemaidi, dawa ya kutoa maji mwilini, na akasafirishwa kwa rufaa siku hiyo hiyo akiwa na maelezo yaliyotaja malale na moyo kwa pamoja. Amepona, ingawa moyo ulichukua miezi kurejea.

Kwa mfano huo naomba matabibu wenzangu mtilie maanani mambo mawili. La kwanza ni darubini. Vipimo vya haraka vya malaria vimeokoa watu wengi na sitaki virudishwe nyuma, lakini havioni malale, na kwa aina hii ya malale hakuna kipimo cha haraka cha kidoleni kinachotumika. Zamani tone lile lile lililotafutwa malaria ndilo lililofichua malale bila mtu kuagiza. Sasa lazima mtu aagize, na ataagiza tu akiwa amemuuliza mgonjwa kama amekaa porini: warina asali, wawindaji, wachoma mkaa, wachungaji, wakulima wa tumbaku waliofungua mashamba mapya, na wavuvi wa kambi za Ugalla na Moyowosi.

La pili ni kuhesabu mapigo kwa dakika nzima, kwa kidole na saa. Kwa kawaida kila nyuzi moja ya joto inayozidi huongeza mapigo takribani 10. Mtu mzima mwenye nyuzi 38 tunatarajia awe kwenye 90 au 100 na kidogo. Akiwa na 130 amelala kitandani, hana maumivu makali, hajapoteza damu wala maji, basi moyo wenyewe unapaswa kuulizwa.

Mchangiaji, muuguzi kutoka Kasulu:

Asante sana daktari kwa somo hili. Naomba utuelezee kuhusu watoto, kwa sababu mtoto mdogo hawezi kusema kwamba kifua kinambana. Tumewahi kumpokea mtoto wa miaka mitatu aliyeletwa kwa kutapika na tumbo kuuma, tukaanza kumtibu tumbo, na daktari aliyekuja zamu ya usiku akasema tatizo liko kwenye moyo.

Mleta uzi:

Dada, huyo daktari wa zamu alistahili shukrani. Kwa mtoto, ini hujaa damu inayorudi nyuma kwa sababu moyo haujaisukuma mbele, na ini likitanuka haraka huuma na kuleta kutapika. Ndiyo maana dalili za tumbo hutangulia. Guseni ini chini ya mbavu za kulia na muweke alama ya kalamu pale linapoishia, kisha mpapase tena baada ya saa chache. Angalieni pia kama mtoto anatoka jasho na kuchoka anaponyonya, kama anapumua haraka bila kikohozi cha maana, na kama miguu na mikono ni baridi ilhali kiwiliwili kina moto.

Hapo ndipo suala la dripu linapokuwa la kufa na kupona. Mnamo 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na hapa Tanzania katika hospitali ya Teule wilayani Muheza, kwa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri mwilini. Waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi: 10.6 kwa mia ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa mia kwa wale ambao hawakumiminiwa. Utafiti ule haukuwa wa ugonjwa wa moyo peke yake, lakini ukiwa na mtoto ambaye ini limevimba na mapigo hayalingani na homa, maji ya haraka ni hatari maradufu. Najua wazazi wetu huona dripu ndiyo matibabu yenyewe, na mtu akirudishwa bila dripu huhesabu kwamba hakutibiwa. Ni kazi yetu kukaa na mzazi na kumweleza kwa nini mtoto huyu anapewa maji kidogo kidogo kwa kipimo.

Mchangiaji kutoka Kigoma mjini:

Mkuu, naomba kufahamu vipimo. Kaka yangu aliambiwa afanye ECG, ikatoka nzuri, akaambiwa hana shida, lakini bado anahema akipanda kile kilima cha kutoka mwalo wa Kibirizi. Je, ECG ikiwa nzuri inatosha kuuondoa ugonjwa huu?

Mleta uzi:

Haitoshi, kaka. ECG husoma umeme wa moyo kwa sekunde chache, na katika ugonjwa huu inaweza kuonyesha mapigo ya haraka tu, au mabadiliko yanayofanana na shambulio la moyo, au umeme uliokwama njiani kati ya vyumba vya juu na vya chini, na inaweza pia kutoka safi kabisa. Kipimo cha damu cha troponini huonyesha kama seli za msuli zinakufa na kumwaga yaliyomo, lakini mgonjwa akichelewa huweza kukuta kimekwisha kushuka. Kwa hiyo hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kumfunga mtu au kumwachia peke yake.

Kinachomfaa kaka yako sasa ni eko, yaani picha ya mawimbi ya sauti ya moyo. Daktari ataona moyo ukifanya kazi, atapima ni sehemu gani ya damu inayotolewa kila pigo, ambayo kwa mtu mzima mwenye afya huwa takribani 55 kwa mia au zaidi, ataona kama ukuta umevimba au chumba kimetanuka, na kama kuna maji yamezunguka moyo. Aanzie hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, na kwa ndugu zetu wa Tabora ni Kitete, kisha atapewa mwelekeo; ngazi ya juu zaidi kwa kanda hizi ni Bugando, Mwanza, na kitaifa ni Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Baada ya eko kuna MRI ya moyo, yaani picha ya sumaku, ambayo huona uvimbe wenyewe ndani ya msuli pamoja na makovu. Vigezo vyake vilitungwa mwaka 2009 na kurekebishwa 2018, navyo hubeba jina la Lake Louise, Kanada. Juu kabisa kuna kuchukua kipande kidogo cha msuli kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa hadi ndani ya moyo na kukitazama kwa darubini, njia ambayo madaktari wa Kijapani waliianzisha mwaka 1962. Hicho ndicho kipimo kinachokata shauri, lakini huachiwa wagonjwa wanaoporomoka haraka au wale ambao jibu lake litabadilisha dawa. Wengi wetu tutatibiwa kwa mkusanyiko wa historia, mapigo, ECG, troponini na eko, na si haba ikiwa kila kimoja kimefanywa kwa makini. Kama kaka yako amepita miaka 40, au ana kisukari, presha au anavuta sigara, mishipa ya moyo iliyoziba nayo ichunguzwe kabla ya kusema ni uvimbe.

Mchangiaji, daktari wa hospitali ya rufaa:

Nimpongeze mleta uzi. Naomba niongezee upande wa matibabu, kwa sababu ndiko ninakoona dawa zikitolewa kwa mazoea.

Kwa mgonjwa wa kawaida wa kirusi hakuna dawa ya kuua kirusi; tunachofanya ni kuubeba moyo hadi upone. Mwenye maji mapafuni hupewa furosemaidi. Presha yake ikiruhusu, huanzishiwa enalapri au lisinopri, dawa za kushusha presha na kuupunguzia moyo mzigo, na spironolaktoni ikihitajika, na mapafu yakishakauka ndipo huongezwa kavediloli au bisoprololi, dawa za kutuliza mapigo, kwa dozi ndogo inayopandishwa taratibu. Kumwanzishia mgonjwa kavediloli akiwa bado anahema na presha iko chini ni kumwondolea nguvu ndogo aliyobakiwa nayo. Diklofenaki na ibuprofeni ziepukwe, kwa kuwa huhifadhi maji na chumvi mwilini, na katika majaribio ya wanyama zimeonekana kuongeza madhara kwa msuli uliovimba.

Kuhusu predinisoloni, dawa ya kushusha kinga ambayo naiona ikiandikwa kwa kila kitu kilichovimba, jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1995 lilifuatilia wagonjwa 111 waliothibitishwa kwa kipande cha msuli, na dawa za kushusha kinga hazikuongeza uwezo wa moyo kuliko matibabu ya kawaida. Zipo aina ambazo dawa hizo huhitajika kweli, kama ile ya seli kubwa na ile ya chembe za eosinofili, lakini hizo hutambuliwa kwanza. Kumpa mgonjwa wa malale au wa VVU asiyejulikana predinisoloni kwa kubahatisha ni jambo la hatari.

Na malale yenyewe yana habari njema. Kwa miaka mingi hatua ya ubongo ilitibiwa kwa melasoproli, dawa yenye aseniki ambayo yenyewe iliua sehemu ya wagonjwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 umeweka vidonge vya feksinidazoli kuwa chaguo la kwanza kwa malale ya Afrika Mashariki kwa mwenye umri wa miaka 6 au zaidi na uzito wa kilo 20 au zaidi, kwa siku 10, akila chakula kwanza na akiwa chini ya uangalizi hospitalini. Hata hivyo dawa hii huweza kurefusha muda wa umeme wa moyo kutulia, jambo ambalo malale nayo hulifanya, kwa hiyo ECG ipigwe kabla ya kuanza na wakati wa matibabu, na isichanganywe na kwinini au dawa nyingine zenye tabia hiyo.

Mchangiaji, mama kutoka Urambo:

Daktari, mwanangu ana miaka 11. Alikuwa na vidonda vya koo, vikapona, halafu goti likavimba, likapona, kikavimba kiwiko, na sasa analalamika moyo unadunda. Jirani ananiambia ni mifupa inakua.

Mleta uzi:

Mama yangu, tafadhali mpeleke hospitali kesho asubuhi, usisubiri wiki iishe. Viungo vinavyovimba kwa kuhama baada ya koo, kwa mtoto wa miaka 5 hadi 15, ni sura ya homa ya baridi yabisi, ambapo kinga iliyoamshwa na bakteria wa koo hugeuka kuushambulia moyo, msuli pamoja na vali. Hapa matibabu hutofautiana na yale aliyoeleza daktari: atapewa penisilini ya kumaliza bakteria, aspirini kwa ajili ya viungo kwa uangalizi wa daktari, na ikithibitika moyo umeguswa atadungwa sindano ya benzathini penisilini kila baada ya wiki 3 au 4 kwa angalau miaka 10 au hadi afikishe miaka 21, kutegemea kipi kinachelewa zaidi, na vali zikibaki na kasoro muda huongezwa. Ni mwendo mrefu na sindano inauma, lakini kila koo jipya linalompata bila kinga hiyo huweza kuziharibu vali zaidi. Mbebee daftari lake la kliniki na uwaeleze habari ya koo hata wasipokuuliza.

Kwa kuwa tumetaja koo, nao wenye watoto wachanga wahakikishe chanjo ya pentavalenti ya wiki 6, 10 na 14, ambayo hukinga dondakoo pia, imekamilika. Sumu ya dondakoo hupiga moyo wakati koo linaelekea kupona, na mtoto huweza kufariki nyumba nzima ikidhani amekwisha kupata nafuu.

Mchangiaji mwingine:

Vipi chanjo za Uviko? Tulisikia kwamba ndizo zinazoleta ugonjwa huu, na watu huku wanaogopa hadi leo.

Mleta uzi:

Ni kweli kwamba chanjo za mRNA, za Pfizer na Moderna, zilionekana kusababisha uvimbe huu kwa watu wachache sana, hasa wavulana na vijana wa kiume, mara nyingi ndani ya wiki moja baada ya dozi ya pili, na wengi walipata nafuu kwa muda mfupi. Chanjo iliyozinduliwa hapa nchini Julai 2021 ilikuwa ya Johnson & Johnson, ambayo si ya aina hiyo, ingawa za mRNA zilikuja baadaye. Uviko wenyewe nao huvimbisha moyo. Mwenye maumivu ya kifua leo hii atibiwe kwa dalili alizonazo, bila kujali alichanjwa au hakuchanjwa miaka ile.

Mchangiaji, mvuvi wa Ujiji:

Mimi niliugua hili, nikalazwa, nikaruhusiwa. Najisikia mzima. Nataka kurudi ziwani usiku na wenzangu, na pia nacheza mpira. Bibi ananichemshia mizizi ya kusafisha damu.

Mleta uzi:

Mdogo wangu, nashukuru umeuliza kabla ya kwenda. Kujisikia mzima huja kabla msuli haujapona, na katika kipindi hicho kazi nzito ndiyo inayoweza kuwasha mapigo ya hatari. Wataalamu wengi hushauri kukaa bila michezo na kazi za kukaza mwili kwa miezi 3 hadi 6. Kuvuta nyavu za dagaa usiku kucha ni kazi nzito kuliko mpira. Waombe wenzako wakupe kazi ya nchi kavu, kuanika na kuhesabu mizigo, hadi eko na ECG zirudiwe, na kama kliniki yako ina kifaa cha kurekodi mapigo kwa saa 24, nacho uvae.

Pombe uiache kabisa kwa sasa, kwa kuwa nayo hudhoofisha msuli wa moyo. Chumvi ipungue, migebuka mibichi na dagaa wasiotiwa chumvi wakufae, lakini samaki wa kukausha kwa chumvi waache. Dawa za hospitali usizikate zikiisha mwezi wa kwanza kwa sababu huna dalili.

Mweleze bibi kwa heshima kwamba mizizi isubiri. Baadhi ya mimea ya Afrika Mashariki iliyotumiwa kwa sumu ya mishale huua kwa kuusimamisha moyo, na katika supu ya mizizi iliyochanganywa hakuna anayeweza kupima kiasi.

Jipime uzito kila asubuhi baada ya haja, kabla ya kula. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, ukilazimika kulala kwa mito mirefu, ukivimba miguu, ukizirai au moyo ukiruka mapigo, rudi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama tarehe ya kliniki haijafika. Na kwenye kadi yako uwaombe waandike kwa herufi kubwa jina la ugonjwa wenyewe, ili atakayekupokea usiku asianze na dripu.